Tabora Iliyoliwa na Mchwa

"Mwanangu, mbona Tabora imeliwa na mchwa?"

Ujumbe huo uliingia kwenye simu yangu saa moja asubuhi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekesha nikitengeneza lebo ya asali ya shangazi yangu. Nilimtumia picha yake kwa WhatsApp kabla ya kulala, na nikalala nikiwa na uhakika wa pongezi. Lebo ilisomeka ASALI SAFI YA TABORA, kwa herufi kubwa za kahawia juu ya karatasi ya rangi ya kaki. Kingo za herufi zilikuwa zimemeguka-meguka. Ndani yake mlikuwa na mikwaruzo na vitundu, kama wino uliokataa kushika kwenye ubao mkavu. Fonti hiyo niliichagua baada ya kupitia zaidi ya mia moja, na sababu yangu niliiona nzuri: asali ni kitu cha porini, basi na herufi zake zitoke porini.

Nikamjibu: "Shikamoo shangazi. Hiyo ndiyo staili yenyewe. Inaonyesha kwamba asali ni ya asili."

Akanitumia ujumbe wa sauti. "Marahaba, mwanangu. Lakini mimi kuku wa kienyeji sijawahi kumnyonyoa manyoya ili wateja wajue ni wa kienyeji."

Jibu hilo nimetembea nalo kwa miezi kadhaa. Mimi ni mtu wa vitabu. Nilisomea fasihi, naandika kuhusu riwaya na mashairi, na mambo ya fonti niliyajifunza kwa njia za panya, kwa kuwasaidia ndugu na marafiki wenye biashara ndogo. Nilikuwa nimezoea kuuliza maneno yanasema nini. Shangazi alinilazimisha niulize umbo la maneno linasema nini, na linamwambia nani.

*

Kwanza mjue lebo hiyo ilikuwa imebeba nini.

Shangazi anafuga nyuki kwenye misitu ya miombo, nje ya mji wa Tabora. Kazi hiyo aliirithi kwa babu, ambaye alitumia mizinga ya magome. Mzinga wa gome hutengenezwa hivi: unauzungushia mti kisu juu na chini, unauvua gome kama mtu anayevuliwa shati, unalikunja gome liwe bomba, unaziba ncha zake, unalitundika. Nyuki huingia bila kubembelezwa. Ila mti uliovuliwa gome kuuzunguka mwili mzima hufa. Shangazi alihesabu miti, akahesabu na nyuki wanaoihitaji kwa maua, akahamia mizinga ya masanduku. Siku hizi anarina akiwa na vazi jeupe na bomba la moshi. Anachuja kwa chujio la chuma kisichoshika kutu. Anahifadhi kwenye ndoo nyeupe zenye mifuniko, na kila ndoo ina kipande cha selotepu ya karatasi kilichoandikwa tarehe kwa mkono wake.

Kwa miaka mingi aliuza kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 hubeba karibu kilo 28 za asali, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Mnunuzi huja na pikapu, hupanga bei yeye, hupakia, huondoka. Kilo hizohizo 28 zingejaza chupa 56 za nusu kilo, na chupa 56 zenye jina juu yake ni biashara ya namna nyingine kabisa. Ndipo nilipoingia mimi na kompyuta yangu. Duka moja la Dar es Salaam, linalouza kahawa na vyakula vya asili, liliniambia litachukua chupa 40 kila mwezi iwapo muonekano utakaa vizuri. Ile picha ya usiku, dukani nao niliwatumia. Waliipenda mno.

Basi upande mmoja palikuwa na chupa 40 kila mwezi. Upande wa pili palikuwa na mwenye asali, anayeona mchwa.

*

Tuanze na herufi zenyewe. Zina historia yake, na historia hiyo inamuunga mkono shangazi.

Herufi nene zilizochakaa, zile tunazoziona kwenye lebo za jamu, kahawa na sabuni za kutengenezwa nyumbani, nyingi huiga herufi za mbao za karne ya 19. Mwaka 1827 mchapaji wa New York aitwaye Darius Wells alibuni mashine ya kuchonga herufi za mbao kwa wingi, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake. Kabla ya hapo wachapaji walitegemea herufi za risasi. Risasi inafaa kwa kitabu, lakini herufi ya risasi yenye ukubwa wa kiganja ni nzito na ni ghali. Mbao ilikuwa nyepesi na rahisi, na matangazo ya minada, ya michezo ya kuigiza na ya sarakasi yakajaa herufi ambazo mtu aliweza kuzisoma akiwa upande wa pili wa barabara.

Wachapaji wale hawakuitaka mikwaruzo. Walichagua mbao ngumu, hasa ya mti wa maple, wakaisugua hadi ikawa laini ili wino ukae sawasawa. Katika siku zake herufi ya mbao ilikuwa teknolojia mpya ya jijini, yenye kelele za kibiashara, mbali kabisa na shamba. Mikwaruzo ilikuja baadaye, kwa kutumika, kwa kuangushwa, kwa kukaa stoo. Kwa hiyo mbunifu wa leo anapochora O yenye mpasuko, anaiga uzee wa kitu ambacho kilipokuwa kijana kilijitahidi kwa nguvu zake zote kuwa safi.

Si fonti zote za ukoo huo zinazofanya hivyo. Katika maktaba ya bure ya Google Fonts kuna Rye, iliyochorwa kwa kufuata mabango ya Marekani ya zama za herufi za mbao. Rye inarudisha umbo, yaani unene, miguu mipana na majivuno yake, bila kujipaka vumbi. Ipo pia Amatic SC, herufi nyembamba kama zilizoandikwa kwa kalamu na mtu mwenye haraka. Kama umewahi kukaa kwenye mgahawa wenye meza za mbao za kuokoteza, yaelekea umeshaisoma kwenye menyu. Sina ugomvi mkubwa na hizo mbili. Ugomvi wangu ni na kundi la tatu, lile nililolichagua mimi, ambalo uchakavu ndio sifa yake pekee. Ziondolee mikwaruzo, uone kinachobaki: herufi ya kawaida isiyo na wazo lolote.

*

Kosa la pili nililigundua mwenyewe, nikiikodolea macho lebo baada ya ule ujumbe wa mchwa.

ASALI SAFI YA TABORA ina herufi 17. Sita kati yake ni A. Kila A kwenye lebo yangu ilikuwa na pengo kwenye mguu wa kushoto na kitundu kidogo juu ya kile kijiti cha katikati. Pengo lilelile, kitundu kilekile, mara sita. Ukishaliona huwezi tena kuacha kuliona. Ilikuwa kama kuingia kwenye chumba cha watu sita ambao wote wamevunjika jino moja, lilelile.

Wanaochora fonti hizi wanalijua tatizo. Baadhi huweka maumbo kadhaa ya kila herufi, na programu huyabadilisha-badilisha yenyewe unapoandika. Wengine hutumia ujanja mdogo: kitufe cha herufi kubwa kinatoa A moja, kitufe cha herufi ndogo kinatoa A nyingine ya ukubwa uleule yenye mikwaruzo tofauti. Fonti yangu ilikuwa ya aina hiyo ya pili. Nikajaribu kuchanganya. Nikapata A tatu za aina moja na tatu za aina nyingine. Sasa chumba kilikuwa na familia mbili za mapengo.

Rudi kwenye ukurasa ambapo fonti hiyo hutangazwa, utaona ni kwa nini sikushtuka mapema. Mfano wake umeandikwa kwa Kiingereza: PURE HONEY. Herufi tisa, na ni E tu inayojirudia, mara mbili. Maumbo mawili yanatosha kabisa. Lakini Kiswahili hakiendi hivyo. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, irabu zenyewe ni tano, na A haijui kupumzika. Andika MAMA, andika SALAMA, andika KARAFUU ZA PEMBA. Mkono wa kuigiza unaoweza kumdanganya msomaji wa Kiingereza kwa maneno mawili, kwa Kiswahili huumbuka kabla ya mstari kwisha. Rafiki yangu mmoja anayeuza maziwa aliumbuka kwa njia nyingine. Fonti yake ya bure haikuwa na ile alama ndogo ya ng', na ng'ombe wake wakachapwa na kisanduku kitupu katikati.

Hapo nilipata kanuni yangu ya kwanza, ambayo nawapa bure: fonti ya kupamba usiichague kwa mfano wa mwenye fonti. Iandikie jina lako, kwa lugha yako, kwa ukubwa utakaochapa. Chupa ya nusu kilo ina lebo ya upana wa sentimita sita au saba hivi. Kwa ukubwa huo, mikwaruzo iliyopendeza kwenye skrini huonekana kama printa iliyoishiwa wino.

*

Haya ni makosa ya ufundi, na ufundi unaweza kurekebishwa. Tuseme ningepata fonti yenye A sita tofauti, kila moja imechakaa kwa namna yake. Shangazi angekubali? Nina hakika angekataa, na kukataa kwake ndiko kunakonivutia zaidi.

Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo hili, nayo yanavutana. Lipo "kienyeji". Kuku wa kienyeji, mboga za kienyeji, mayai ya kienyeji. Neno hilo limepanda cheo mbele ya macho yetu. Kuku wa kienyeji ana bei kubwa kuliko wa kisasa, na anayemuuza hulitamka kwa fahari. Halafu lipo "mshamba". Hilo halijapanda cheo. Mtoto wa shule ya bweni aliyewahi kuitwa hivyo siku ya kwanza kwa sababu ya viatu vyake anajua uzito wake. Kitu kikitoka shamba ni cha kienyeji. Mtu akitoka shamba ni mshamba.

Fonti iliyochakaa inafanya kazi kwa yule tu ambaye hakuna atakayemwita mshamba. Mteja wa lile duka la kahawa anashuka kwenye gari lake, anaiona lebo iliyomeguka, anahisi ukaribu na udongo. Uchakavu kwake ni pambo, kwa kuwa haumtishii. Shangazi yuko upande wa pili wa barabara hiyohiyo. Amekaa miaka akijaribu kutofautishwa na asali ya kando ya barabara kuu, ile ya kwenye chupa zilizokuwa za pombe, isiyo na tarehe wala mwenyewe. Mnunuzi wa asali nchini kwetu ni mtu mwenye shaka, na ana haki ya kuwa nayo. Anaogopa asali iliyochanganywa na sukari iliyochemshwa. Anainusa, anaigeuza chupa aone povu linavyopanda, anachovya kijiti cha kiberiti akakiwasha, ingawa jaribio hilo halithibitishi chochote. Mbele ya mnunuzi huyo, herufi safi ni ushahidi. Zinasema: kuna mtu aliyeketi, akapiga hesabu, akaandika tarehe, na yuko tayari kulaumiwa.

Kuna jambo jingine nililolijua lakini sikulifikiria. Shangazi aliingia darasa la kwanza mwanzoni mwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliozinduliwa Tanzania mwaka 1977. Darasa lilikuwa limejaa, daftari halikutosha, na mwandiko ulikuwa heshima. Aliyeandika kama kuku aliyeparura aliitwa mbele. Mpaka leo shangazi anaandika orodha ya sokoni kwa herufi zilizosimama wima kama gwaride. Mimi, niliyesomeshwa kwa sehemu na asali hiyo, nilichukua jina la bidhaa yake nikaliandika kama kuku aliyeparura, kisha nikamwambia ndiyo staili.

*

Msomaji wa magazeti ya fasihi atakuwa ameshanusa mahali hoja hii inapoelekea. Swali la nani anatuchora, na kwa kalamu gani, tunalifahamu kwenye riwaya. Kwenye herufi lipo vilevile.

Kabla ya kuiangukia ile fonti ya mchwa, nilikuwa nimepita kwenye rafu nyingine: fonti "za Kiafrika". Ukitafuta kwa maneno hayo, mara nyingi utaletewa ndugu na wajukuu wa fonti mbili. Ya kwanza ni Neuland. Iliundwa na Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor kilichokuwa mji wa Offenbach. Ya pili ni Lithos, iliyochorwa na Carol Twombly kwa kampuni ya Adobe mwaka 1989, akiongozwa na maandishi ya Wagiriki wa kale kwenye mawe. Moja ni ya Ujerumani, nyingine ina asili ya Ugiriki. Hata hivyo wachapaji na watangazaji, hasa wa Marekani, walizitumia kwa chochote kilichohusu Afrika, msitu, ngoma au safari, hadi macho ya watu yakazoea. Neuland yenye mstari mweupe ndani yake ndiyo iliyozaa herufi za filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, yaani umbo lililokuwa likitangaza Afrika likatangaza na wanyama waliokufa zamani. Mbunifu wa Marekani Rob Giampietro aliandika insha kali juu ya fonti hizi mbili na jinsi zilivyogeuzwa kuwa kinyago cha mtu mweusi. Mjerumani na Mgiriki walipewa pasipoti za Kiafrika bila kuziomba, nasi tukaja kuzichukua dukani kana kwamba ni mali yetu iliyopotea.

Hata hivyo, kwa uhakiki wa haki lazima niseme: Neuland ni kazi nzuri. Koch hakuichora kwanza kwenye karatasi. Alizichonga herufi moja kwa moja kwenye chuma, kwa mkono wake, na kila ukubwa aliuchonga upya, ndiyo maana A ya ukubwa mmoja haifanani kabisa na A ya ukubwa mwingine. Ukali wake umetokana na patasi na chuma. Hakuna aliyeupaka baadaye. Hiyo ikanipa kanuni ya pili: ukali wa herufi uwe na sababu ndani ya kazi iliyoizaa.

Kwa kanuni hiyo, mazingira yetu yamejaa herufi zenye ukali wa haki. Tazama gunia la kahawa la kilo 60. Herufi zake zimekatika-katika kwa sababu zimepakwa rangi kupitia bati lililotobolewa, na bati lisingeachiwa vijidaraja, katikati ya O pangedondoka. Tazama jina la kanga. Mstari mmoja wa herufi kubwa, wazi, bila madoido, kwa kuwa maua yote yameshachukuliwa na kitambaa, na maneno hayana budi kusomeka yakiwa yamefungwa kiunoni mwa mtu anayetembea. Tazama ubao wa mtaani ulioandikwa kwa brashi, ambapo neno linaanza kwa herufi pana na kuishia kwa herufi zilizobanana kama abiria wa daladala, kwa sababu fundi alifika mwisho wa ubao kabla ya mwisho wa neno. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekusudia kuonekana wa kienyeji. Kila mmoja alikusudia kusomeka, na mazingira yakamwekea saini yake.

*

Nikamfuata fundi wa mabango wa mtaani kwetu. Anaandika saluni, gereji na bucha, na kazi zimempungua tangu mabango ya plastiki ya kuchapwa yalipoanza kushuka bei. Nikampa kipande cha ubao na maneno yangu manne. Alivuta uzi uliopakwa chaki kutoka ncha hadi ncha, akaudonyoa ukaacha mstari ulionyooka, akapima herufi kwa vidole, kisha akaandika bila kunyanyua macho.

Nilimuuliza kama anaweza kuandika kitu kionekane kimechakaa.

"Naweza," akasema. "Ila kuchakaza ni kazi ya ziada. Bei inapanda."

Aliandika safi. Nilihesabu A zake sita, na kila moja ilikuwa mtu mwingine, ingawa jamaa alikuwa amejitahidi zifanane. Nikapiga picha, nikaisafisha kwenye kompyuta, nikaipunguza kufikia upana wa lebo. Haikufaa. Brashi yake ilikuwa imeandikia macho ya mtu aliye barabarani. Kwa upana wa sentimita sita, mistari yake myembamba ilipotea na S zake zikajifunga. Ningependa kuwaambia kwamba mkono wa fundi uliokoa siku, insha ingekaa vizuri zaidi. Ukweli ni kwamba ubao ni ubao na chupa ni chupa. Ubao wenyewe niliupakia kwenye basi la Tabora, na sasa umetundikwa langoni kwa shangazi, mahali ulipostahili. Alipoupokea alisema tu, "Huyu anajua kuandika."

Kwa lebo nilirudi kwenye kompyuta. Nilichukua fonti nene yenye miguu ya mraba, kingo nzima, yenye leseni ya wazi inayoruhusu biashara. Hilo la leseni naliungama kwa aibu: ile fonti ya mchwa ilikuwa ya bure kwa matumizi binafsi tu, na sikuwa nimesoma. Fonti nene nikaitumia kwa jina peke yake. Uzito, namba ya simu na maelezo mengine nikayaandika kwa fonti ya kawaida ya kusomea. Karatasi ya kaki ikawa nyeupe. Shangazi aliomba jambo moja: pale penye tarehe ya kurina niache wazi, apaandike mwenyewe.

Nikapeleka lebo mpya dukani. Mwenye duka, mtu muungwana kabisa, aliitazama kwa muda. Akasema imekuwa ya kawaida, kwamba ile ya kwanza ilikuwa na hadithi. Akachukua chupa 12.

Arobaini toa kumi na mbili ni ishirini na nane. Chupa 28 za nusu kilo ni kilo 14, nusu ya ndoo. Nusu ndoo kila mwezi ndiyo gharama ya hoja yangu, na anayeilipa si mimi. Nimeshawahi kuandika uhakiki mkali wa riwaya nisipoteze hata shilingi. Safari hii nilikaa na simu mkononi kwa muda kabla ya kumpigia shangazi, nikitafuta namna ya kusema "kumi na mbili".

"Wamelipa?" akauliza.

"Wamelipa."

"Basi. Nyingine nitauza hapa langoni." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Wiki iliyofuata nilipita dukani nikaziangalia. Zilikuwa rafu ya chini, kati ya chai na siagi ya karanga ambayo lebo yake, bila shaka, ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikachuchumaa. Kwenye kila chupa, chini ya jina lililonyooka, palikuwa na tarehe kwa kalamu nyeusi ya wino mzito. Siku ile walirina tarehe 14. Nne ya chupa ya kwanza ilikuwa wazi juu kama kiti kilichopinduliwa. Ya pili ilikuwa imefungwa. Ya tano wino ulikuwa umevuta kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa anaandika. Nilizigeuza zote 12, moja baada ya nyingine, mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama natafuta kitu.